Baiskeli ya kike na mbio za baiskeli

Baiskeli ya kike ni jina linalotumika Afrika ya Mashariki kwa baiskeli ambayo fremu yake haina bomba la juu linalotoka kwenye usukani na kwenda moja kwa moja hadi chini ya kiti. Badala yake kuna bomba lililoshushwa, ili mpandaji apitishe mguu mbele ya kiti bila kuurusha juu ya keria. Baiskeli yenye bomba la juu huitwa baiskeli ya kiume.

Licha ya majina hayo, tofauti kati ya aina hizi mbili ni ya umbo la fremu, si ya jinsia ya mpandaji. Katika mashindano rasmi ya barabarani wanawake na wanaume wote hutumia fremu yenye bomba la juu. Fremu iliyoshushwa ni nadra kuonekana katika mbio kwa sababu hujisokota kwa urahisi zaidi, huhitaji chuma kingi zaidi ili iwe imara, na haikubaliwi na kanuni za kimataifa za mbio za barabarani. Haijawekwa kando kwa sababu wanawake hawashindani, wala kwa sababu baiskeli yenye bomba la juu haiwafai.

Jambo hili lina uzito katika maeneo kama mkoa wa Simiyu, Tanzania, ambako baiskeli ni chombo cha kazi cha kila siku na mbio za baiskeli za wanawake hufanyika mjini Bariadi sambamba na zile za wanaume.

## Jina

Mgawanyo wa "kike" na "kiume" ulikuja pamoja na baiskeli zenyewe kutoka Ulaya. Watengenezaji wa huko waliuza fremu iliyoshushwa kwa wanawake, ambao mwishoni mwa karne ya 19 walivaa sketi ndefu. Huku Afrika ya Mashariki sababu hiyo ilieleweka bila maelezo mengi, kwa kuwa kanga, kitenge na gauni havimruhusu mvaaji kurusha mguu juu ya kiti kwa staha.

Majina hayo hayaelezi matumizi halisi. Nchini Uholanzi baiskeli ya aina hii huitwa "baiskeli ya bibi", lakini huendeshwa mijini hata na wanaume. Katika vijiji vya Tanzania hali ni kinyume: wanawake wengi huendesha baiskeli ya kiume, kwa sababu ndiyo iliyopo nyumbani.

## Muundo

Sehemu ya mbele ya fremu ya kiume ina mabomba manne:

* bomba la usukani, ambalo ni fupi na hushika uma wa gurudumu la mbele;
* bomba la juu, linalounganisha bomba la usukani na sehemu ya juu ya bomba la kiti;
* bomba la chini, linalotoka kwenye usukani hadi kwenye kitovu cha pedali;
* bomba la kiti, linalosimama kutoka kitovu cha pedali hadi kwenye kiti.

Nyuma kuna fito nne nyembamba zinazoshika gurudumu la nyuma: mbili kutoka kitovu cha pedali na mbili kutoka chini ya kiti. Kwa kuwa bomba la usukani ni fupi, sehemu ya mbele inakaribia kuwa pembetatu, na sehemu ya nyuma ni pembetatu pia. Pembetatu hizo mbili kwa pamoja hufanana na umbo la almasi, ndiyo maana fremu hii huitwa pia fremu ya almasi.

Faida ya pembetatu inaweza kuonekana kwa vijiti. Vijiti vitatu vilivyofungwa kwa kamba kwenye ncha zake havibadili umbo vikisukumwa, labda kijiti kimoja kivunjike. Vijiti vinne vilivyofungwa vivyo hivyo hulala upande mara vinaposukumwa. Katika pembetatu, mzigo hupita katika urefu wa kila bomba kwa kulibana au kulivuta, na bomba la chuma hustahimili sana mizigo ya namna hiyo. Katika umbo la pande nne, mzigo hujaribu kulipinda bomba, na hapo ndipo bomba huwa dhaifu.

Fremu ya kike ina miundo kadhaa:

* mabomba mawili yaliyonyooka na kukaribiana, yote yakishuka kutoka kwenye usukani;
* mabomba mawili ambayo la juu limekunjwa kama shingo ya bata;
* bomba moja nene peke yake, ambalo ni la kawaida katika baiskeli nyingi za kisasa za umeme;
* mikste, muundo wenye asili ya Ufaransa, ambamo fito mbili nyembamba hutoka kwenye usukani, hupita pande zote mbili za bomba la kiti na kuendelea hadi kwenye ekseli ya nyuma.

Kati ya miundo hiyo, mikste ndiyo inayokaribia zaidi uimara wa fremu ya almasi, kwa kuwa fito zake huungana na pembetatu ya nyuma.

## Historia

Baiskeli ya kisasa, yenye magurudumu mawili yanayolingana na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma, ilipata umaarufu kupitia Rover ya John Kemp Starley, iliyotengenezwa mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop alipata hataza ya tairi la upepo. Baiskeli zenye fremu iliyoshushwa kwa ajili ya wanawake zilianza kuuzwa katika miaka hiyohiyo ya mwisho ya 1880. Fremu ya almasi ilienea na kuwa kawaida katika miaka ya 1890, na umbo lake limebadilika kidogo tu tangu hapo.

Wanawake waliotaka kwenda mbali au kwenda kasi waliiacha fremu ya kike mapema. Mnamo Septemba 1893 msichana Mwingereza Tessie Reynolds, mwenye umri wa miaka 16, aliendesha baiskeli ya kiume kutoka Brighton hadi London na kurudi, umbali wa takriban km 190, kwa muda wa saa 8 na nusu. Magazeti yalijadili suruali fupi aliyovaa kuliko mwendo wake.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Annie Kopchovsky, aliyejulikana kama Annie Londonderry. Mwaka 1894 aliondoka Boston, Marekani, kwa safari ya kuzunguka dunia. Alianza na baiskeli ya kike ya kampuni ya Columbia yenye uzito wa takriban kg 19. Alipofika Chicago aliibadilisha kwa baiskeli ya kiume ya Sterling yenye takriban kg 9.5, akaacha na sketi, kisha akaendelea na safari yake.

Chama cha Kimataifa cha Baiskeli (UCI) kiliundwa mwaka 1900, na mbio za Tour de France zilianza mwaka 1903. Mwaka 1924 Mwitalia Alfonsina Strada alishiriki mbio za Giro d'Italia pamoja na wanaume. Mashindano ya dunia ya barabarani kwa wanawake yalianza mwaka 1958 huko Reims, Ufaransa. Katika Olimpiki, wanaume walishindana kwa baiskeli tangu mwaka 1896, lakini wanawake walisubiri hadi Los Angeles mwaka 1984. Walipokubaliwa, hawakutengenezewa baiskeli ya umbo la pekee. Walitumia fremu ya almasi kama wenzao, iliyopimwa kulingana na miili yao.

## Sababu za kutotumika katika mbio

### Kujisokota kwa fremu

Mpandaji wa kawaida hukaa kwenye kiti na kukanyaga pole pole, na mizigo kwenye fremu huwa midogo. Mshindani akisimama juu ya pedali karibu na mstari wa kumalizia hali hubadilika. Anakanyaga pedali ya kulia kwa uzito wake wote huku akivuta upande wa kulia wa usukani, kisha anarudia kushoto. Usukani na kitovu cha pedali hutaka kwenda pande tofauti, na fremu husokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Katika fremu ya almasi bomba la juu na bomba la chini hushirikiana kupinga msokoto huo. Katika fremu ya kike mabomba mawili yamekaribiana, au lipo moja tu, hivyo upinzani hupungua. Aidha, bomba lililoshushwa hugonga bomba la kiti katikati badala ya kwenye kiungo cha juu, na kulifanya lipindwe mahali ambapo halina msaada.

Matokeo yake huonekana kwa njia mbili. Kwanza, mnyororo na magurudumu huyumba kidogo kila pedali inapokanyagwa kwa nguvu. Sehemu ya nishati inayoingia kwenye fremu hurudi fremu inaponyooka tena, kwa hiyo hasara ya mwendo si kubwa kama inavyosemwa mara nyingi, lakini mshindani hupoteza wepesi wa baiskeli kuitikia anapoharakisha. Pili, na hili lina hatari zaidi, fremu laini huweza kuanza kutikisika upande hadi upande katika mteremko wa kasi, hasa ikiwa na mzigo nyuma.

### Uzito

Fundi anaweza kuifanya fremu ya kike iwe imara kama ya almasi, kwa kutumia mabomba manene zaidi au kuongeza vipande vya kuimarisha viungo. Njia zote mbili huongeza uzito.

Unene wa bomba una faida kubwa. Kipenyo kikiongezwa mara 2 huku unene wa ukuta wa bomba ukibaki uleule, uwezo wa kupinga msokoto huongezeka takriban mara 8, ilhali uzito huongezeka mara 2 tu. Hii ndiyo sababu baiskeli za kisasa za umeme zenye bomba moja nene hubeba betri na mpandaji bila shida. Hata hivyo, kwa kiasi kilekile cha chuma, alumini au nyuzi za kaboni, fremu ya almasi hutoa uimara zaidi. Katika mbio, ambako watengenezaji hushindana kupunguza gramu, hoja hiyo hutosha.

Athari ya uzito isikuzwe kupita kiasi. Kupandisha kilo 1 ya ziada kwenye mlima wenye kimo cha mita 100 huhitaji nishati ya takriban jouli 980. Kwa mpandaji anayetoa wati 200, hizo ni sekunde 5 hivi. Katika mbio za milima mirefu sekunde hizo hujumlishwa na kuamua mshindi. Katika nchi ya tambarare huwa na maana ndogo.

### Mkao wa mpandaji

Katika barabara tambarare, adui mkubwa wa mwendesha baiskeli ni upepo. Nguvu inayohitajika kushinda ukinzani wa hewa huongezeka kwa mche wa mwendo: anayetoka km 20 hadi km 30 kwa saa huhitaji zaidi ya mara 3 ya nguvu aliyotumia kwanza dhidi ya hewa. Sehemu kubwa ya ukinzani huo hutokana na mwili wa mpandaji, si na baiskeli.

Baiskeli za kike kwa kawaida huuzwa zikiwa na usukani ulioinuliwa, kiti kipana, madigadi na kifuniko cha mnyororo, na mpandaji hukaa wima. Mkao huo ni mzuri kwa kwenda sokoni, lakini kifua hupokea upepo wote. Hapa kosa si la fremu yenyewe, kwa kuwa usukani unaweza kubadilishwa na kushushwa. Lakini kwa kuwa vifaa hivi huja pamoja na fremu, watu huhesabu upungufu wote kuwa wa "baiskeli ya kike".

### Mahali pa vifaa

Ndani ya pembetatu ya mbele ndipo mshindani huweka chupa mbili za maji, moja kwenye bomba la chini na nyingine kwenye bomba la kiti. Pampu hufungwa pia hapo. Katika mbio za nyikani, ambamo washindani hushuka na kukimbia kwenye matope, baiskeli huchukuliwa begani kwa kupitisha mkono ndani ya pembetatu. Fremu ya kike haina nafasi hiyo.

### Kanuni

Kanuni za UCI kwa mbio za barabarani na za uwanjani zinataka fremu ya umbo la jadi, iliyojengwa kuzunguka pembetatu kuu. Bomba la juu linatakiwa kuunganisha sehemu ya juu ya bomba la usukani na sehemu ya juu ya bomba la kiti. Linaweza kuinama kidogo kuelekea nyuma, lakini ndani ya mipaka iliyopimwa. Fremu ambayo bomba lake linashuka hadi katikati ya bomba la kiti haitimizi sharti hilo.

Msingi wa kanuni hizi ni Mkataba wa Lugano wa mwaka 1996, uliotaka mashindano yampime binadamu kuliko mashine. Zilianza kutumika kikamilifu mwaka 2000, pamoja na sharti kwamba baiskeli isipungue kg 6.8. Kanuni hizo haziwabagui wanawake na wanaume: kila mmoja hupimwa kwa kipimo kilekile. Mashindano ya dunia ya barabarani yaliyofanyika Kigali, Rwanda, tarehe 21 hadi 28 Septemba 2025, ambayo yalikuwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, yaliendeshwa chini ya kanuni hizo.

Baiskeli za milimani hazifungwi na sharti la fremu ya jadi. Ndiyo maana bomba la juu la baiskeli hizo mara nyingi limeshuka sana, ingawa bado lipo.

## Baiskeli za mbio zisizo na bomba la juu

Kukosa bomba la juu peke yake hakumzuii mtu kwenda kasi. Katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992, Mwingereza Chris Boardman alishinda mbio za kufukuzana za mita 4,000 kwa baiskeli ya Lotus iliyofinyangwa kwa nyuzi za kaboni kama kipande kimoja, isiyo na mabomba ya kawaida.

Tarehe 17 Julai 1993 Mskoti Graeme Obree alivunja rekodi ya dunia ya saa moja huko Hamar, Norwei, kwa kwenda km 51.596. Baiskeli yake aliijenga mwenyewe, na haikuwa na bomba la juu ili magoti yake yapite karibukaribu. Siku sita baadaye Boardman aliivunja rekodi hiyo. UCI ilipiga marufuku mkao wa Obree mwaka 1994, na kanuni zilizofuata zikarudisha umbo la jadi.

Mifano hiyo inaonyesha kwamba sababu za kiufundi na sababu za kanuni ni mambo mawili tofauti. Fremu isiyo na bomba la juu inaweza kushinda ikijengwa kwa vifaa vinavyofaa na kwa gharama kubwa. Fremu iliyoshushwa ya chuma cha kawaida, inayouzwa madukani kwa matumizi ya nyumbani, haikujengwa kwa kazi hiyo.

## Hali mkoani Simiyu

### Baiskeli kama chombo cha kazi

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa mwaka 2012, hasa kwa kumega mkoa wa Shinyanga. Makao makuu yake ni Bariadi, na wilaya zake ni Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima na wafugaji, na mkoa unaongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Tangu wakati wa ukoloni fedha za pamba zimekuwa mojawapo ya njia za familia ya Kisukuma kupata baiskeli.

Baiskeli iliyozoeleka ni ile nzito ya chuma yenye magurudumu ya inchi 28, iliyoigwa kutoka muundo wa zamani wa Kiingereza na kutengenezwa India au China, kama Avon, Hero na Phoenix. Ina uzito wa takriban kg 20, na baadhi yake zina mabomba mawili ya juu badala ya moja. Hubeba magunia, madumu ya maji, kuni na abiria. Katika miji ya Kanda ya Ziwa baiskeli zilibeba abiria kwa nauli kabla ya bodaboda za pikipiki kuenea.

Katika kazi hizo bomba la juu lina matumizi ambayo mbio hazina. Mtoto hukalishwa juu yake mbele ya baba. Gunia hulazwa juu yake baiskeli inaposukumwa kwenye barabara ya mbuga, yaani udongo mweusi unaonata wakati wa masika. Watoto wasiofikia kiti hujifunza kwa kupenyeza mguu mmoja ndani ya pembetatu, chini ya bomba, na kukanyaga pedali wakiwa wameegemea upande. Familia inayoweza kununua baiskeli moja tu huchagua ile itakayofanya kazi zote, na kwa hiyo fremu ya kike hubaki chache.

### Mbio

Mbio za baiskeli zina mashabiki wengi Usukumani. Jijini Mwanza yalifanyika mashindano ya Mwanza Cycle Challenge, yaliyowakutanisha washindani wa mikoa mbalimbali, wanawake wakiwemo. Mjini Bariadi, tamasha la Simiyu Jambo Festival limejumuisha mbio za baiskeli za wanaume na za wanawake pamoja na ngoma za asili za Wagika na Wagalu. Mchezo huu nchini husimamiwa na Chama cha Baiskeli Tanzania (CHABATA).

Mazingira ya mkoa yanafaa kwa mbio ndefu. Barabara ya lami kutoka Bariadi hadi Lamadi, karibu na Ziwa Viktoria wilayani Busega, ina urefu wa takriban km 72. Upande wa kusini, kutoka Bariadi hadi Maswa ni takriban km 50. Sehemu kubwa ni tambarare yenye vilima vya mawe hapa na pale, hivyo upepo na joto humchosha mshindani kuliko miinuko.

### Wanawake na jina la baiskeli

Jina "baiskeli ya kike" huleta madhara pale linapochukuliwa kuwa amri. Msichana anayeambiwa kuwa baiskeli ya kiume si yake hukosa mazoezi, kwa sababu nyumbani hakuna nyingine. Na anayepewa fremu ya kike ili ashindane nayo dhidi ya wenzake wenye fremu ya almasi huanza akiwa nyuma, kisha kushindwa kwake huhesabiwa kuwa udhaifu wa wanawake.

Kikwazo cha kweli ni mavazi na kipimo. Suala la mavazi humalizwa na suruali au bukta ndefu, kama Tessie Reynolds alivyofanya zaidi ya karne moja iliyopita. Suala la kipimo ni gumu zaidi. Baiskeli nyingi za inchi 28 zina bomba la kiti la inchi 22 au 24, yaani takriban sm 56 au 61, urefu uliokusudiwa wanaume warefu. Mtu mfupi, mwanamke au mwanamume, hawezi kusimama sawasawa akiwa ametanua miguu juu ya bomba hilo, na akifunga breki ghafla anaweza kuumia.

## Kuchagua baiskeli kwa mbio za mtaani

Mbio za kijamii zisizo chini ya UCI huwa na kanuni zinazowekwa na waandaaji, na fremu ya kike inaweza kukubaliwa. Washindani wote wakiwa na baiskeli nzito za kilo 20, umbo la fremu si jambo la kwanza kuamua matokeo. Yafuatayo huwa na uzito zaidi:

* Kimo cha fremu. Mpandaji akisimama na nyayo zote chini, pabaki nafasi ya angalau sm 2 hadi 3 kati ya mwili wake na bomba la juu. Ikikosekana fremu ndogo ya almasi, fremu ya kike inayomtosha ni salama kuliko ya kiume inayomzidi.
* Kimo cha kiti. Pedali ikiwa chini kabisa, goti libaki limekunjwa kidogo tu. Kiti kilichoshushwa mno huchosha mapaja mapema.
* Tairi. Tairi lisilojazwa upepo wa kutosha hula nguvu nyingi kwenye lami.
* Gololi na mnyororo. Gololi za magurudumu na za kitovu cha pedali zisafishwe na kutiwa grisi, na mnyororo utiwe mafuta.
* Uzito usiohitajika. Keria, stendi na kifuniko cha mnyororo vinaweza kuondolewa kabla ya mbio.
* Usukani. Ushushwe kadiri mpandaji anavyoweza kuvumilia, ili kifua kisipokee upepo wote.
* Breki. Zikaguliwe na fundi baiskeli, kwa kuwa washindani hukimbia wakiwa wamekaribiana.

Kwa waandaaji, njia ya haki ni kuwataka washindani wa kundi moja watumie baiskeli za aina moja, badala ya kugawa aina za fremu kwa jinsia.

## Mahali inapofaa zaidi

Fremu ya kike ina ubora wake katika kazi iliyotengenezewa. Humfaa mzee au mgonjwa wa nyonga au goti asiyeweza kuinua mguu juu. Humfaa anayepanda na kushuka mara nyingi, kama mchuuzi anayesimama kila nyumba. Humfaa pia aliyebeba mzigo mrefu kwenye keria, kwa sababu hawezi kurusha mguu nyuma ya kiti, na anayeweza kuangushwa na mzigo hushuka haraka bila kunaswa na bomba.

Humfaa vilevile mwanafunzi mwenye sketi ya shule. Katika jimbo la Bihar, India, serikali ilianza mwaka 2006 mpango wa kuwapatia baiskeli wasichana wanaoingia sekondari, na idadi ya wasichana walioandikishwa shuleni iliongezeka. Kwa mwendo wa kwenda shule, kasi ya fremu haina umuhimu. Kinachotakiwa ni chombo ambacho msichana anaweza kukipanda peke yake kila asubuhi.

## Tazama pia

* Baiskeli
* Bodaboda
* Mkoa wa Simiyu
* Bariadi (mji)
* Wasukuma
* Tour de France
* Michezo ya Olimpiki